Mlango wa Nyuma Umemtaja Dereva

Juzi nilikuwa nimekaa katika gereji moja mtaa wa Awindiri, maana mtu mwenye digrii bila kazi lazima akae mahali. Ikaingia gari ya mama mmoja, mfanyabiashara wa Koboko. Loki za umeme za milango zilikuwa zimekufa: ukibonyeza swichi, milango yote inanyamaza.

"Ni vumbi tu, mama," dereva wake akasema, haraka mno.

"Vumbi gani? Koboko mpaka hapa iko lami," fundi akamjibu. Akaweka fyuzi mpya, ikaungua palepale. Basi akaanza kufungua mlango mmoja mmoja, akivuta ule mpira unaopitisha nyaya. Mlango wa dereva, salama. Wa mama, salama. Wa nyuma kushoto, nyaya zimekatika, zinagusana.

"Waya inakatika hivi kama mlango inafunguliwa kila saa," alisema.

Mama akavua miwani. "Mimi nakaa mbele. Mizigo yangu inaingia buti. Sasa nani anakaa nyuma?"

Dereva akaangalia viatu vyake. "Watu ya kanisa, mama. Nasaidia tu."

"Kanisa kila siku? Leta ufunguo!"

Alipoupokea, akanigeukia mimi niliyekuwa nikicheka. "Wewe kijana, unajua kuendesha?"

Honestly, chuo kikuu walinifundisha ku-analyse kila kitu chini ya jua. Permit ya kuendesha hawakunipa. Nikanyamaza kama ile milango, na, my friend, fundi alikuwa tayari anampigia simu shemeji yake mwenye permit.