Kengele ya Mbwa Asiyebweka

Mbwa wa kwetu Masisi wanabweka. Naanza na hilo kwa sababu kosa langu lote lilianzia hapo. Nilikulia kwenye kilima juu ya Lushebere, kati ya mashamba ya maharage na malisho ya ng'ombe, na kila nyumba ilikuwa na mbwa aliyemfokea mpita njia mpaka apotelee bondeni. Kwa hiyo mzee mmoja wa Walikale aliponiambia kwamba mbwa wake hana sauti, nilidhani ananichezea.

Kijiji chenyewe kiko ndani ya msitu mkubwa, saa nyingi za pikipiki kutoka Pinga. Tulikwenda mimi na mchungaji wetu. Yeye alikwenda kubatiza. Mimi ni shemasi, na kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza wabatizwa mmoja mmoja kabla ya ibada, na kupokea vitu vya zamani walivyoamua kuviacha: pembe, hirizi, vifundo vya dawa. Vyote vilikuwa vichomwe siku hiyo hiyo kando ya mto. Nilikuwa mkali, sikatai. Waimbaji wa kwetu waliniita Duane, yaani forodha, maana hakuna mzigo uliopita mbele yangu bila kukaguliwa. Na nisiwe mnafiki, jina hilo lilinipendeza.

Msitu ulikuwa umeshanitisha tangu jana yake, tukiwa njiani. Sisi watu wa milima tumezoea kuona mbali. Ukisimama kwetu unaona moshi wa jikoni kwa jirani, unaona hata mvua ikija na bado una muda wa kuanua nguo. Kule unaona mti, na nyuma ya mti kuna mti mwingine. Mara mbili tulishuka kwenye pikipiki tukavuka mto kwa miguu juu ya magogo yenye utelezi. Mchungaji alivuka kwanza, viatu mkononi, akiomba kwa sauti. Nilimcheka. Zamu yangu ilipofika niliomba kwa sauti kumshinda.

Asubuhi nilikaa kwenye benchi mbele ya kanisa, jengo la udongo lililoezekwa kwa majani, daftari mapajani na gunia miguuni. Yule mzee alikuja wa mwisho. Alikuwa mwindaji tangu utoto wake, mwembamba, mpole wa maneno. Kwa miaka mingi alisikiliza mahubiri akiwa amesimama mlangoni, haingii, haondoki. Siku hiyo alikuwa abatizwe pamoja na mke wake. Mke mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameingia msituni alfajiri na wenzake wawili kukata mangongo, majani mapana ya kufungia chakula, ili samaki wa wageni wapikwe inavyostahili.

Mzee alitoa pembe ndogo na kifundo cha ngozi, akavitia kwenye gunia bila kuulizwa. Ningeweza kumshukuru na kumwacha aende. Lakini macho ya Duane hayalali, yakamwona mbwa aliyelala nyuma yake: mdogo, wa kahawia, masikio wima, na shingoni amefungwa kengele ya mti kubwa kama ngumi.

"Na hii iko ya nini, Papa?"

"Iko ya mbwa, Mama. Mbwa ya huku haina sauti. Ikiingia mu pori bila kengele, hautajua iko wapi."

"Mbwa haina sauti?"

"Haibweke hata kidogo."

Waliokuwa karibu walicheka, nami nikajua ninachekwa mimi. Nilimwambia anipe ile kengele. Ndani ilikuwa nyeusi, imepakwa mafuta ya siku nyingi, inanuka moshi.

"Nani alikupatia?"

"Baba yangu njo aliichonga."

"Na alikuwa anaifanyia nini?"

Angeweza kunidanganya kwa urahisi, maana sikujua lolote la kule. "Alikuwa anaiongelesha, Mama," akasema. "Mbele ya kuingia mu pori. Alikuwa anaiambia..."

"Sitaki kujua alikuwa anaiambia nini," nikamkata. "Uweke mu gunia."

Alimwangalia mbwa, akaniangalia mimi, kisha akaiweka taratibu juu ya zile pembe, isigonge. Niliandika kwenye daftari: kengele moja. Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Mvua ilitupata kabla ya ibada, mvua ya kule, ambayo haianzi kwa matone bali inamwagika yote mara moja. Ilipokata, wale wanawake wawili walirudi na mizigo yao ya majani. Kitu cha kwanza walichouliza ni kama mwenzao amefika. Mvua iliwatenganisha, wakadhani ametangulia. Hakuwa amefika. Mama huyo alikuwa na mguu mbaya tangu siku walizokimbia vita, na mangongo huota penye majimaji, na maji yalikuwa yanapanda.

Wanaume waliingia msituni wakimwita. Sauti zao zilifika hatua chache zikazimwa na majani yaliyokuwa bado yanadondosha maji na mto uliokuwa unanguruma. Kila aliyerudi alitikisa kichwa. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini hawapeleki mbwa. Hakunijibu kwa hasira, na ingekuwa afadhali angefanya hivyo.

"Mbwa zingine zote zilipotea wakati wa vita," akasema. "Imebakia ile moja. Na kengele yake unayo weye, Mama."

Nilimtafuta mzee kwa macho. Alikuwa amesimama mwanzo wa miti, kitenge cha mke wake mkono mmoja, kamba ya mbwa mkono mwingine. Alikuwa anajiandaa kumwachia mbwa bila kengele, aingie akapotee, labda wote wawili wapotee, na hakuja kunidai kitu. Alikuwa ametoa, basi ametoa.

Nililibeba lile gunia lote nikakimbia nalo. Nilipomfikia nililimwaga topeni, pembe na hirizi zikatawanyika miguuni pangu, na kengele ikagonga.

"Chukua, Papa."

"Nimeshakupatia, Mama."

"Chukua!" Nilipiga kelele kama mwendawazimu.

Akaichukua. Akaifunga shingoni, akamnusisha mbwa kile kitenge, akamwachia. Mbwa aliingia kwenye majani, na majani yakafunga nyuma yake. Kisha mzee akainua mkono, na kijiji kizima kikanyamaza.

Nimeongoza maombi ya kimya mara nyingi. Nimewaambia watu "tunyamaze mbele za Mungu", na hapo hapo nikasikia mabenchi yakilia, mtu akikohoa, simu ikiita. Kimya kile sikuwa nimewahi kukisikia. Akina mama waliwafunika watoto midomo. Mchungaji alifumba macho. Watu wote wale walikuwa sikio moja lililogeukia msitu, na kutoka ndani kabisa ikaja: ko, ko, ko. Niliogopa, na sikuwa naogopa miti tena.

Mzee alianza kutembea, nasi watu wachache tukamfuata. Alinisomea ule mlio kama mimi ninavyowasomea watu Injili.

"Iko natembea," alinong'ona. Baadaye kidogo: "Imeshuka." Kisha mlio ukakata kabisa, akasimama na mguu mmoja hewani. "Iko namunusa." Ukaanza tena, upande mwingine, kwa kasi. "Inakimbia sasa. Imevuka mayi."

Mimi nilikuwa nasikia mti ukigonga mti. Yeye alikuwa anamwona mbwa wake waziwazi ndani ya msitu ambao mimi nisingeweza kuona hatua kumi. Nilitamani kulia kwa jinsi nilivyokuwa mdogo pale, mimi na daftari langu.

Halafu mlio ukabaki mahali pamoja. Hausogei, haunyamazi.

"Iko nazunguka," mzee alisema, na sauti yake ikavunjika. "Imemukuta."

Tulimkuta amekaa ndani ya maji hadi kiunoni, ule mguu mbaya umebanwa na mizizi, mikono imelikumbatia tawi. Alikuwa ameita mpaka sauti ikaisha. Mbwa alikuwa anamzunguka juu ya ukingo, ko, ko, ko, bila kuchoka. Mzigo wa mangongo ulikuwa umetundikwa kwenye tawi juu ya kichwa chake, usichukuliwe na maji. Yalikuwa majani yetu sisi wageni. Wanaume walipomtoa, kitu cha kwanza alichoonyesha kwa kidole kilikuwa ule mzigo.

Walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti na kamba waliyoitengeneza pale pale. Kijijini walimkanda mguu, wakampa uji, na sauti ikarudi kidogo. Mchungaji alimwambia kwamba ubatizo wake unaweza kungoja siku nyingine.

"Mayi ilitaka kunibatiza yenyewe asubuhi," mama akajibu. "Sasa munipeleke Mchungaji amalize kazi."

Kijiji kizima kilicheka, na vicheko vingine vilikuwa na machozi ndani yake. Alasiri tulishuka wote kwenye sehemu ya mto iliyotulia. Wazee wa kanisa walikuwa wamewasha moto kando, na vitu vyote nilivyovimwaga topeni vilikuwa vimeokotwa na kupangwa karibu yake. Mama alibatizwa wa kwanza, akiwa kwenye kipoyi chake, amebebwa na wanaume wanne walioingia majini na nguo zao.

Kisha ikafika zamu ya mzee. Hakuenda majini. Alichuchumaa, akafungua kamba shingoni mwa mbwa, akanijia na kengele katika viganja vyote viwili.

"Niliiazima tu," akasema. "Iko yako, Mama."

Aliyasema bila kinyongo, na ndiyo maana yaliniumiza. Niliipokea. Moto ulikuwa unalia kando yetu, na watu wote walikuwa wananitazama. Nilimwangalia mchungaji aniokoe, naye akaangalia maji. Nilikuwa na aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Lakini zaidi ya aibu nilikuwa na hofu nyingine, ile ya mtu aliyefika mahali patakatifu amevaa viatu, na sasa tu ndiyo anaviona.

Nilipiga magoti kwenye mchanga. Niliishika ile kengele kwa mikono miwili, karibu na mdomo, sijui kwa nini karibu hivyo, nikaomba kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Bwana, huyu mbwa akitangulia, asipotee. Anayetafutwa apatikane. Na sisi tunaofuata nyuma, utupatie masikio."

Watu walisema amina. Nilimwita mbwa, akaja bila sauti, nikamfunga kengele yake mwenyewe. Nilipoinua kichwa mzee alikuwa bado amesimama mbele yangu, naye hakuwa amesema amina. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Baba yangu alikuwa anaiambia vile vile, Mama," akasema. "Ile ya masikio tu njo ya kwako."

Halafu akaingia majini.