Mpunga wa Lydia

Buya hakuwa mtu wa mpunga. Alikuwa fundi wa pampu za maji pale Garsen, mwenye kibanda kando ya barabara na mikono inayonuka dizeli hata Jumapili kanisani. Kwao kijijini Golbanti, mpunga ni shughuli ya wanawake. Mwanaume husafisha shamba, kisha hujiweka kando. Kwa hiyo majirani walipomwona ndani ya tope, suruali imekunjwa mpaka mapajani, akipandikiza miche kwa mistari iliyokwenda upogo, walicheka hadi wakashika mbavu.

Mpunga ule ulikuwa wa mkewe. Siku Lydia alipoolewa, mama mkwe wake, Bi Dinah, alimkatia kipande cha shamba ukingoni mwa mto, kama yeye mwenyewe alivyokatiwa zamani na mama mkwe wake. Katika ukoo wao, kipande hicho ndicho kinachosema mke yupo. Kikiota magugu msimu mzima, watu huacha kuuliza habari zake. Buya hakukubali mkewe asemwe hivyo.

Na Lydia alikuwa wapi? Uingereza, upande wa kaskazini, kwenye mji ambao Bi Dinah hulitamka jina lake kana kwamba anatema kokwa. Alikuwa daktari. Huku alitibu malaria, akashona waliojeruhiwa na viboko wa mtoni, akazalisha wanawake kwa mwanga wa tochi. Kule alihesabiwa kama mgeni aliyesomea nchi nyingine, akakalishwa mitihani upya, akaelekezwa na vijana namna ya kupima presha. Alimeza yote. Mkataba wake uliruhusu mume, na viza ya Buya ilitoka pamoja na yake. Kilichokwama hakikuwa viza. Kilichokwama ni Buya mwenyewe.

"Tangulia, daktari," alimwambia siku ya safari. "Acha nikupandie mpunga wako. Nikivuna tu, nakufuata."

Sababu ya kweli hakumwambia mtu. Aliogopa kuwa mwanaume wa kukaa ndani, anachungulia dirishani akingoja mke atoke zamu, katika nchi isiyomhitaji. Aliyoitaja ilikuwa sababu ya mama: mama ni mjane, mama yuko peke yake, mama ataachiwa nani? Mjanja huyo! Sababu ya mama nani ataipinga?

Lakini hamu ya Lydia ilimzidi, jamani. Ilimzidi mpaka chakula kikawa hakishuki. Mpunga ulipoanza kubeba masuke, alishinda shambani akifukuza ndege kwa kupiga debe, na Lydia akipata mapumziko hospitalini alimpigia simu hukohuko.

"Niweke karibu na debe, fundi. Nataka kusikia."

Buya alipiga debe, akapiga na mayowe juu, na Lydia akacheka kule mbali. Halafu kicheko kikakatika. Buya alijua analia, naye akapiga debe tena, polepole.

"Jana nimepika wali," Lydia alisema baadaye. "Wali wa hapa hauna hata harufu. Nimelia mbele ya sahani, mtu mzima mimi. Buya, unakuja au huji? Viza yako inakaribia kuisha. Ikiisha sikuombi tena, na mimi nitajua nimeachwa."

"Nakuja. Navuna kwanza."

Akavuna. Rachael, jirani yao, alimwonyesha namna ya kukata masuke kwa kisu kidogo, huku akimwita "mama Buya" bila huruma. Mpunga ulipigwa, ukakauka, ukapandishwa darini. Hapo ndipo Buya alipopata kisingizio kingine. Kwao, mpunga mpya huonjwa kwanza na mwenye kipande. Mwingine akitangulia kuula, amekwisha kumtoa mwenyewe shambani.

"Mama, huu tusiuguse," alisema. "Lydia akija likizo ya Krismasi ataonja mwenyewe. Mimi nitamngoja hapahapa."

Krismasi ilikuwa mbali, na viza ingekuwa imekufa kitambo. Bi Dinah alimtazama mwanawe, kisha akainua macho kuelekea darini.

Kesho yake mchana, Buya alirudi kutoka Garsen akakutana na harufu ya wali mpya kabla hajafika uani. Mama yake alikuwa amekaa mkekani peke yake, sahani mbele yake, anakula.

"Mama, huo ni mpunga wa nani?"

"Wangu."

"Mama! Umekula mpunga wa Lydia?"

"Nimekula. Kuanzia leo kile kipande ni changu, nitakilima mimi."

"Watu watasema nini?"

"Watasema Lydia hayupo. Kwani yupo? Yuko kule anakungoja wewe, na wewe umejificha nyuma ya mpunga. Umejificha nyuma yangu pia. Mimi nimekuomba unilinde?"

Buya alitaka kufoka, lakini aliuona mkono wa mama. Ulikuwa umelirudisha tonge sahanini.

"Unadhani wali huu unanishuka vizuri?" Bi Dinah alisema, na sasa machozi yalimtoka waziwazi. "Yule mtoto nilimkatia shamba kwa mikono yangu. Nampenda kuliko ninavyokupenda wewe siku nyingine. Kila asubuhi nimetaka arudi. Harudi, Buya. Kaa ule, halafu ufunge mizigo."

Buya alikaa. Walikula bila kutazamana. Alipomaliza, alinawa, akampigia mkewe.

"Fundi? Kuna nini, mbona unapiga saa za kazi?"

"Mama amekula mpunga wako."

Lydia alizaliwa kwenye mto uleule, hakuhitaji kuelezwa kitu. Buya alisikia viatu vya watu vikipita kule hospitalini.

"Ulikuwa mtamu?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

Buya alimgeukia mama yake, akalirudia swali. Bi Dinah alinyoosha mkono akaichukua simu.

"Mtamu, mwanangu," alisema. "Mtafutie mumeo koti. Anakuja."