Ushahidi wa Mama Masafa

Ofisini walimwita Mama Masafa, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mkaguzi katika mamlaka ya mawasiliano, na kazi yake ilikuwa kuwasaka wanaorusha mawimbi hewani bila leseni. Alizunguka na gari jeupe lenye antena juu ya paa, kompyuta mapajani, dereva akifuata kidole chake kona baada ya kona. Hakuwa na simile. Alishawahi kuzima redio ya kanisa katikati ya ibada na kuondoka na mtambo, mchungaji akimfuata nyuma kwa maombi. Wenzake walitania kwamba hata dua angezidai leseni, maana nazo zinapanda juu.

Nyumbani alikuwa na mtu mmoja tu wa damu yake, mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, mwembamba mpaka mtaa mzima ukamwita Waya. Mama yao alipofariki, dada mtu ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwozesha. Ndiye pia aliyemtia ugonjwa wa setilaiti. Walipokuwa wakiosha vyombo, alikuwa akimweleza.

"Iko juu ya ikweta, kilomita elfu thelathini na sita hivi kutoka hapa. Inaizunguka dunia kwa mwendo ule ule dunia inaojizungushia, ndiyo maana ukiitazama kutoka chini ni kama imepigiliwa msumari. Ukishalielekeza dishi lako huko, huna haja ya kuligusa tena."

"Na ikipata ujumbe?"

"Inaupokea ukiwa umechoka, inautia nguvu, inaubadilishia masafa, inaurudisha chini. Lakini nafasi za kule juu zina wenyewe. Mataifa yamekaa kitako yakagawana, nani akae wapi, nani atumie masafa gani. Na kila anayerusha kutoka chini lazima apewe ruhusa, la sivyo watu watazibana midomo bila kuonana."

Waya alikua akawa fundi wa madishi, na fundi mzuri. Dada yake hakujua kwamba juu ya paa la nyumba ya huyo mdogo wake, nyuma ya tangi la maji, alikuwa amefunga dishi la kurusha na si la kupokea tu. Upande ule wa mji minara ya simu ilikuwa haijafika, na leseni za setilaiti zilipewa makampuni makubwa peke yake. Waya aliwauzia majirani intaneti. Mafundi cherehani walipokea mitindo ya nguo, wanafunzi walifanya mitihani, wake waliongea na waume walio mbali.

Kisha kikatokea kifo. Hospitali ndogo ya bara ilikuwa ikimfanyia upasuaji msichana wa miaka tisa, daktari bingwa akimwongoza mwenzake kwa video kutoka mji mkuu. Katikati ya kazi picha ikavunjika vipande vipande, sauti ikafuata. Daktari wa kule akabaki na mikono ndani ya tumbo la mtoto na kioo cheusi mbele yake. Mtoto hakuamka. Kampuni yenye setilaiti ikasema kuna mtu anarusha mawimbi yanayoingilia njia ya hospitali, na kwamba yanatoka mji wa Mama Masafa. Mkurugenzi akamwita Mama Masafa.

"Nataka mtu," alimwambia. "Magazeti yako mlangoni."

Mawimbi yale yalikuwa yakija na kupotea. Siku yalipojitokeza tena mchana kweupe, gari jeupe lilitoka mbio, na antena ikalipeleka mtaa hadi mtaa mpaka mbele ya nyumba ambayo Mama Masafa aliifahamu. Mara ngapi alikuwa ameufungua mlango wake kwa mkono wake mwenyewe. Wifi yake alitoka akijifuta mikono, akatabasamu.

"Karibu wifi. Leo umekuja na gari la kazi?"

Mama Masafa alimpita. Alipanda ngazi, akamkuta Waya kwenye dishi, na wakaangaliana.

"Dada, nilitaka kukwambia."

"Zima."

Alizima. Mama Masafa akapiga simu kwa kampuni, akauliza kama usumbufu bado upo. Wakamjibu umekoma, umekoma sasa hivi. Waya alisikia, na uso wake ukaingia giza. Alikuwa amesoma habari za yule mtoto kama kila mtu.

"Ni mimi?" aliuliza. "Dada, ni mimi niliyemuua?"

"Shuka," alisema dada yake. "Polisi wako njiani."

Majirani walisimama barabarani wakimwona akimfunga mdogo wake mikono kwa kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, kwa kuwa polisi walichelewa. Ofisini walimpigia makofi. Mkurugenzi alimshika bega na kumwambia kuwa cheo cha mkuu wa ukaguzi sasa ni chake, zimebaki taratibu tu.

Waya akiwa mahabusu, usumbufu ulirudi.

Mama Masafa aliuona kwenye kompyuta yake, mchoro wa mawimbi umesimama kama mlima mwembamba, kwenye masafa yale yale. Alimwita dereva, wakaufuata mpaka nje ya uwanja wa mpira. Palikuwa na lori la televisheni ya taifa, dishi kubwa juu yake, likirusha mechi. Alijitambulisha, akapanda, akakagua. Mawimbi ya redio yanaweza kurushwa yakiwa wima au yamelala, na setilaiti hutumia njia zote mbili kwa masafa yale yale, mteja huyu wima, yule mlalo, wala hawagongani. Lakini kichwa cha dishi kikipinda, ya huyu humwagikia kwa yule. Kichwa cha dishi la lori kilikuwa kimepinda, na skrubu yake imelegea. Aliuliza siku ile ya upasuaji walikuwa wapi. Hapa hapa, walimwambia, mazoezi ya timu. Na siku alipompandia Waya juu ya paa? Walikuwa wakirusha mahojiano, wakamaliza mchana ule. Saa ile ile. Waya alikuwa akirusha kwenye masafa ya jirani, na antena ikampata yeye kwanza.

Alikinyoosha kichwa kwa mkono wake, akakaza skrubu. Kwenye kompyuta mlima ukalala.

Mkurugenzi alimsikiliza bila kukatiza. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Mdogo wako alikuwa na leseni?"

"Hakuwa nayo."

"Basi jela anaenda hata hivyo. Unataka tuiweke televisheni ya taifa kizimbani? Nani atabaki na kiti baada ya hapo, mimi au wewe?"

"Lakini mtoto, bosi. Kesi ya mtoto wamembebesha yeye."

"Mtoto ameshazikwa. Wewe ukiulizwa, jibu unachoulizwa. Usidanganye."

Alitoka pale akijiambia kwamba atafikiri. Alifikiri mpaka siku ya kesi, na kila alipofikiri alifika mahali pale pale: Waya alimficha, Waya alitumia elimu yake kumfanya kichekesho, acha aonje. Mawazo hayo yalimpa nguvu, akayashikilia.

Mahakamani aliulizwa kama mtambo wa aina ile unaweza kuingilia njia ya mwingine. Alisema unaweza. Akaulizwa kama usumbufu ulikoma mshtakiwa alipozima.

"Ulikoma."

Hakuulizwa kama ulirudi. Waya, kizimbani, alimwitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi anayekubali kusahihishwa. Alipewa kifungo ambacho angepewa nusu yake kama si yule mtoto. Wifi mtu alipita mbele ya Mama Masafa ukumbini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuanzia leo mimi sina wifi."

Mama Masafa alimtembelea mdogo wake gerezani mara moja. Waya alikuwa amekonda hata zaidi ya jina lake.

"Dada, nikuulize kitu. Niambie ukweli, maana wewe hujawahi kunidanganya. Baada ya kunizimisha mtambo, usumbufu haukurudi tena?"

Askari alikuwa anatazama saa. Mama Masafa alimtazama mdogo wake usoni. Siku hiyo alikuwa amevaa beji mpya ya cheo.

"Haukurudi."

"Basi ni mimi," alisema Waya, akalia.

Waya alipomaliza kifungo akatoka, mkewe alikuwa amekwisha kurudi kwao. Waya hakugusa dishi tena, hata la jirani aliyemsihi. Alimwomba dada yake kitu kimoja tu, ampeleke bara kwa wazazi wa yule msichana. Alimpeleka.

Baba wa mtoto alitoka mlangoni na fulana ya kazi.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mzee. Nimekuja kuomba msamaha."

Mzee alimpiga kofi, akampiga la pili, kisha la tatu, bila kupandisha sauti, na Waya hakuinua mkono. Mama wa mtoto alimgeukia Mama Masafa aliyekuwa amesimama karibu na gari.

"Na wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Pole, mwanangu. Ni mzigo kuwa na ndugu wa namna hii."

"Asante, mama," alisema.

Tangu hapo Waya huenda kwao kila anapopata nafasi, huwachimbia bustani, huwapasulia kuni, hukarabati paa. Mzee humkubalia kazi, lakini humwita Muuaji, mbele za watu, kwa sauti ile ya kumwita mtu kwa jina lake: Muuaji, leta jembe. Muuaji, chakula kiko tayari. Naye huitika. Anayempeleka ni dada yake, maana ana gari la cheo. Hukaa ndani ya gari, vioo juu, akimtazama mdogo wake akilima, mpaka amalize.