Okomo wa Vuta Kwanza

Mtu akikwambia anamjua fundi Okomo, muulize kama amewahi kuvutishwa waya. Kama bado, hamjui. Mimi Dorotea nilikuwa nakaanga maandazi kando ya banda lake pale Igoma, miaka ile ya tisini magari ya Kijapani yaliyotumika yalipoanza kumwagika mjini, na kutwa nzima masikio yangu yalijaa neno moja: "Vuta!"

Okomo alitokea Mara, mwembamba, mcheshi, msumbufu kupindukia. Kazi yake ilikuwa nyaya za magari. Mafundi wengine walisokota waya kwa waya, wakafunga kipande cha tyubu, gari likaondoka kwa kudra za Mungu. Yeye hakutaka. Kila ncha ya waya aliivisha kichwa kidogo cha shaba kilichopakwa bati kisishikwe na kutu, akakibana kwa plaizi yake maalumu. Mabawa ya mbele ya kichwa hicho yalikumbatia shaba tupu. Ya nyuma yalishika ganda la plastiki, ili gari likirukaruka kwenye mashimo waya usikatike shingoni. Tena kichwa lazima kilingane na waya. "Kikubwa hakishiki, kidogo kinakata," alisema, utadhani nilimuuliza. Unga umeniganda mikononi, mtu ananionyesha jinsi mdomo wa kichwa ulivyopanuka kidogo, eti usikwaruze nyuzi!

Akimaliza kubana, alikupa waya uvute kwa nguvu zako zote. Ukichomoka, anacheka, anaanza upya. Waya haujavutwa, gari haliondoki.

Siku moja mtoto wa kaka yangu, Queen, alileta pikapu ya baba yake. Okomo akabana waya, akampa. Queen hakuvuta kama mtu anayeogopa kuchafuka. Aliweka mguu kwenye bampa, akavuta mpaka kilemba kikadondoka. Waya ukakaa. Okomo akaduwaa, plaizi mkononi, na mimi nikajua hapa kuna harusi. Mambo hayo sikosei.

Harusi ikapangwa Buzuruga, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Padre alisema wazi: misa ikianza bibi harusi hajafika, hakuna ndoa mpaka Pasaka. Kaka yangu Maige, ambaye alikuwa bado hajammeza vizuri mkwe wa kutoka Mara, akadakia, "Hadi Pasaka mimi nitakuwa nimeshabadili mawazo." Na Maige akibadili mawazo, hata ng'ombe wake wanajua.

Gari la bibi harusi lilikuwa Korola ya Otuoma, rafiki wa Okomo, na dereva alikuwa Otuoma mwenyewe. Okomo alilikagua Ijumaa. Basi tumetoka Igoma, tunaimba, kabla ya kufika Buzuruga gari likazima. Kimya.

Nilishuka nikiwaka moto. Otuoma akashauri tupande daladala. Thubutu! Bibi harusi wangu na shela lake akabanane na ndoo za dagaa? Nikamsimamisha mtu wa baiskeli, nikamtuma kanisani mbio.

Mara bwana harusi huyo, amekaa kwenye keria ya baiskeli ile ile, suti nyeusi, ua kifuani, plaizi imechungulia mfukoni. Jamani, nani anakwenda kuoa na plaizi?

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba ya nini! Gari ulilikagua au ulilitazama?"

Akafungua boneti. Waya wa koili, ile inayozipa plagi moto, ulikuwa unaning'inia, kichwa chake kimebaki peke yake. Okomo akanywea. Kichwa kikubwa, waya mwembamba.

"Vya saizi yake viliniishia," akasema. "Na Otuoma ananihimiza, kinyozi anafunga. Nikabana, nikaondoka."

"Ulivuta?" Queen aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

Okomo akatazama viatu vyake. "Sikuvuta."

Haki ya Mungu, nilimwonea huruma. Otuoma akasema waya ukunjwe mara mbili, ujae, twende. Okomo akakataa katakata. Alizunguka mbele ya gari, akachomoa waya wa honi mzima, mrefu, vichwa vyake vimebanwa barabara, aupeleke kutoka betri hadi koili. Queen akashuka. Nikapiga kelele, "Mayo wane, mama yangu, gauni!" Hakunisikia. Alikamata kichwa kimoja, Okomo akashika waya, kiatu cheupe juu ya bampa, akavuta.

"Umekaa," akasema. "Funga."

Gari likawaka. Ila harusi bila honi ni harusi gani? Nikatoa kichwa dirishani nikapiga vigelegele njia nzima hadi sauti ikakauka. Tulimkuta padre ameshavaa, amesimama mlangoni, na Maige amenuna pembeni yake. Sikungoja mtu aseme neno, nikamsukuma Queen ndani.

Ikafika zamu ya pete. Queen alimvisha Okomo, lakini hakumwachia mkono. Aliishika ile pete kwa vidole viwili, akaivuta. Akavuta tena, safari hii kwa nguvu, mpaka Okomo akapiga hatua mbele.

"Kulikoni, binti?" padre akauliza.

"Nimemaliza, padre. Imekaa."

Kaka yangu Maige ndiye aliyeanza kucheka.