Vipande Vyeupe Ndani ya Muratina

Siku ya tatu nilifunua mtungi nikakuta vipande vyeupe vinaelea juu ya muratina, pombe yetu ya asali, laini, vingi, kama ukoko wa uji uliobanduka kwa sufuria. Sikushtuka. Mimi si mtu wa kushtuka. Asali na maji ya vuguvugu nilichanganya kwa mikono yangu, nikatumbukiza miratina, yale matunda makavu yanayochachusha pombe, nikafunika mtungi na blanketi na kuuweka karibu na jiko. Kama kulikuwa na uchafu humo, haukutoka kwangu.

Shida ni kwamba ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi tulikuwa twende Isinya kwa baba ya msichana ambaye kijana wangu alitaka kuoa. Mzee huyo hakuwa na mambo mengi. Alisema habari ya ng'ombe tutaongea polepole, lakini pombe ya asali ije siku ya kwanza, na itengenezwe nyumbani kwa mwoaji. Ya kununua tusijisumbue kubeba. Bila hiyo, hakuna mazungumzo.

Kwetu hiyo ni kazi ya wanaume, na marehemu mume wangu aliijua sana. Sasa hapa Kitengela mwanamume pekee nyumbani kwangu ni huyo bwana harusi, ambaye hata chai humwagikia jikoni akiitazama. Kwa hivyo nilitengeneza mimi, mtu wa kanisa, niliyeokoka kabla sijaolewa, ambaye pombe haijawahi kugusa ulimi wangu. Nilikuwa nimemtazama mume wangu akitengeneza miaka mingi huku nikimgombeza. Macho yangu hayakuwa yameokoka.

Nilipiga picha vile vipande nikamtumia shemeji yangu aliye Embulbul, ndugu ya marehemu. Akanipigia simu mara moja.

"Mwaga hiyo kitu," akasema. "Uliosha miratina kabla ya kuweka?"

"Sikuosha. Ndugu yako hakuwa anaosha. Alikuwa anaanika tu kwa jua, anarudisha kwa gunia."

"Basi imeharibika. Tuombe wazee wasogeze siku."

Nikamwambia asante shemeji, nikakata simu. Sikumwaga. Kitu kilichooza kinanuka, na nyumba yangu ilikuwa inanukia asali. Nilichuja kwa kitambaa safi, lakini kesho yake vipande vilikuwa vimerudi. Nikasema basi, tutaenda navyo.

Isinya tulipokewa vizuri, mimi, kijana wangu na shemeji. "Takwenya," mzee akanisalimia kwa Kimaasai, nikaitikia "Iko" vile msichana alivyonifundisha. Akamiminiwa pombe kwa pembe ya ng'ombe. Aliangalia ndani kwa muda, vipande vikizunguka humo bila haya. Shemeji akaanza kuangalia viatu vyake.

"Nani alitengeneza hii?" mzee akauliza.

"Ni mimi, mzee."

Akaninyooshea pembe. "Basi anza wewe, mama. Aliyetengeneza asipokunywa, sisi pia hatunywi."

Hapo, nitasema ukweli, niliogopa. Shemeji alijitolea kuninywea, mzee akatikisa kichwa. Kijana wangu alikuwa ananitazama kama mtu ambaye ameshajua atanyimwa. Nilishika pembe kwa mikono miwili nikanywa, na vipande vyake.

Ladha ile niliijua. Ilikuwa pumzi ya mume wangu akirudi Jumapili jioni, akitaka kunisalimia kwa karibu, na mimi nikigeuza uso. Miratina nilizitoa kwa gunia lake, na hazikuwa zimeoshwa tangu aanike yeye mara ya mwisho. Machicha ya pombe yake yalikuwa yamekauka humo, na ndiyo yaliyokuwa yanabanduka na kuelea. Tangu tumzike sikuwa nimemkaribia hivyo.

Wazee wote walikuwa wananingojea. Nikamwambia mzee iko sawa, anywe. Halafu, mbele ya shemeji na watu wote, nikaomba niongezewe.