Kibao cha Kunong'ona

Sijui kwa nini watu wazima wanampenda hivyo mtoto aliyenyamaza. Nafundisha watoto wenye shida za masomo na tabia katika shule moja hapa Suna, na mwaka jana nililetewa msichana wa gredi ya tatu ambaye hajawahi kumaliza hesabu. Akiona swali, mkono unaitangulia akili. Anaandika chochote, anafuta hadi karatasi inatoboka, kisha anampiga aliye karibu. Mwalimu mkuu aliniambia waziwazi: muhula ukiisha bila mabadiliko, mama yake amrudishe kwao Lambwe.

Dawa yake naijua, wala haina miujiza. Mtoto anafundishwa kujisemesha. Kwanza mimi nafanya hesabu huku nikijiuliza kwa sauti: nifanye nini hapa? Nimekosea, si neno, narudia. Kisha anajisemesha yeye kwa sauti, baadaye kwa kunong'ona, na mwisho kimoyomoyo. Kwa Kiingereza aliyakariri maneno yote, na mkono ukaendelea na fujo zake. Siku nilipomwacha ajisemeshe kwa Kijaluo, "Mos mos. Atim ang'o?", yaani polepole, nifanye nini, mkono ulisimama ukasubiri. Alimaliza hesabu, akaniangalia kama aliyeokota pesa njiani. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu.

Wiki iliyofuata nilimkuta gwarideni amevishwa kibao shingoni, kile cha kumwaibisha anayenaswa akiongea lugha ya nyumbani shuleni.

"Madam, si ni sheria?" mwalimu wa darasa lake akaniambia. "Huyu ananong'ona Kijaluo hesabu yote."

"Alikuwa anafikiria!"

"Basi si afikirie na mdomo imefungwa."

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikiwa nimefura. Akanijibu, kwa Kijaluo, kwamba sheria haimbagui mtu. Nilitoka nikaubamiza mlango.

Sasa msichana ametulia. Hampigi mtu. Juzi mwalimu mkuu alinisimamisha akanipongeza: kazi yangu imeonekana, mtoto atabaki. Nilikwenda kuketi na msichana, nikampa hesabu moja, nikamwambia ajisemeshe tu, tuko wawili.

Alitazama mlangoni, akaziba mdomo kwa kiganja, na penseli haikugusa karatasi.