Mwali wa Kitabu cha Tembo

Hapana, mwanamume hakuwamo ndani. Huyo mwanamume nilikuwa mimi. Nakujibu mapema kwa sababu najua utauliza, Kilosa nzima waliuliza.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa anasomea udaktari, ule usio na sindano. Anaandika kitabu cha tembo wa Mikumi wanaoingia mashambani kwa watu. Chuo kikamwambia mwezi ukiisha hajakikabidhi, jina linafutwa, miaka yote ile imekwenda na maji. Basi nikamfuata Mikumi alikopanga chumba. Nakuta ukuta mzima umebandikwa vikaratasi, vya njano, vya kijani, vya pinki, utadhani duka la kanga. Nikamuuliza, mke mwenzangu, hii nini? Ndivyo ninavyomwita, tunagombea babu yake mpaka leo na mwenyewe keshakufa. Akanijibu kwa ile sauti yao ya wasomi, midomo mbele kama anapuliza chai, "Bibi, huu ni mpango kazi." Saa fulani aandike, saa fulani apumzike, saa fulani anywe maji. Mtu kajiandikia kunywa maji. Nikakaa naye siku nzima. Kazi yake ikawa kuhamisha cha kijani kukipeleka kwa cha njano, anarudi nyuma, anashika kiuno, anatazama, anakirudisha. Jioni akasema amechoka, leo kazi imekwenda.

Nikafunga mizigo yake, nikamleta kwangu. Mimi shule sikuiona hata mlango, lakini wasichana nimewafunda wengi, najua mtu anavyokaa ndani mpaka awe tayari. Nikamwambia kuanzia leo wewe ni mwali. Mwali hatoki, hapiki, haongei na wapita njia, na simu yake nimeichomeka kwenye sidiria yangu. Akienda chooni anajifunika kanga gubigubi. Mtu kavuka thelathini huyo. Akacheka mpaka akatoa machozi, halafu akaingia.

Kuandika akaandika. Lakini baada ya siku chache nikawa nasikia kimya, kompyuta haigongwi. Namuuliza kimebaki nini, anasema bado, sura ya tatu inatakiwa iende mbele ya ya pili. Wiki inayofuata, ya pili irudi mbele. Na kila akihamisha anamtumia profesa wake tena kitabu kizima, kama mtu anayepeleka ugali uleule kwenye sahani nyingine.

Sasa huyo profesa nilishamsikia kwenye simu kule Mikumi. Anaongelea puani, na kabla ya neno anakohoa, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nikasimama nyuma ya pazia, nikakohoa. "Eeeh, binti. Hoja. Hoja iko wapi?"

Nikasikia kiti kimeanguka, halafu vidole, mvua kwenye bati. Ikawa ndiyo dawa. Akinyamaza, nakohoa. Alijua ni mimi, ila alisema mwili wake haujui.

Majirani nao hawajui. Wanachojua ni kwamba kwa bibi kuna mwali, na chumbani kwa mwali kunakohoa mwanamume. Jirani yangu mmoja, anayenong'ona na mtaa mzima unamsikia, akampigia mwanangu wa kwanza aliyeko Mvumi. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mpwa, mwali akiharibika anaulizwa yeye. Akaja mbio, na nyuma yake wanawake wa ukoo na ngoma zao, maana wao waliipata nusu ya habari, ile ya kwamba kuna mwali wa kuchezwa.

Mwanangu sauti yake ni trekta lililonasa kwenye tope. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mtoe huyo mwanamume."

Nikamwambia ni mimi. Akasema ananiheshimu, ila nisimfanye mtoto. Nikamkoholea palepale, nikamtolea na hoja iko wapi. Unajua alifanya nini? Alichungulia nyuma yangu.

Mjukuu akatoka gubigubi, kompyuta kaikumbatia, akaniomba simu. Akamwambia mjomba wake kwamba mwenye sauti hiyo yuko chuoni, amsikilize mwenyewe. Akapiga, akaweka spika. Profesa akakohoa.

"Ndiye huyuhuyu," mwanangu akasema, na wanawake wakapiga vigelegele, mpaka leo sijui vya nini.

Mwanangu akaishika simu kwa mikono miwili, akasalimia kwa adabu, akaeleza yote. Yeye ni mjomba, binti kawekwa ndani kwa ajili ya kitabu, mwezi unaisha, ngoma ziko uani, sasa anaomba kujua kimebaki nini ili mtoto asifutwe jina. Nadhani chuoni jambo kama hilo hawafundishwi. Mjukuu wangu kavuta kanga mpaka machoni, na hapo sikuwa na sauti ya mtu yeyote ya kuigiza.

Kesho yake alipanda treni kwenda kukikabidhi. Ngoma zilirudi Mvumi hazijapigwa, na mimi nikabaki sina wa kumkoholea. Yote kwa neno la yule profesa. Alikohoa tena, kwa koo lake mwenyewe, akasema, "Mzee, hakijabaki kitu. Kitabu kilikwisha tangu aliponitumia mara ya kwanza. Huyo anaogopa tu."